Mzani Wasema Hivi, Sketi Yasema Vile

SWALI: Nina kilo 80 na urefu wa sentimita 162. Nimenunua mzani wa kioo unaosoma pia asilimia ya mafuta. Asubuhi uliandika 41, jioni ya siku hiyohiyo 37. Nishike ipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usishike hata moja. Asilimia 4 ya kilo 80 ni kilo 3.2. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo ili upoteze zote hizo kwa kutwa moja ungepaswa kuunguza zaidi ya 24,000, yaani chakula cha siku kumi. Kilichohama ni maji.

Mzani huo hauyaoni mafuta. Vibati vya chuma unavyokanyaga hupitisha umeme mdogo sana, ukapanda mguu huu na kushukia ule, kisha mzani hupima umezuiwa kiasi gani. Misuli ina maji mengi, umeme hupenya. Mafuta yana maji kidogo, huuzuia. Ukishinda wima, maji huteremkia miguuni, umeme unapita kwa wepesi, na mzani unadhani umepungua. Nyayo kavu zenye sugu hufanya kinyume chake. Zipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kwanza. Na kitambi, ambacho pengine ndicho kinachokukera, umeme huo haukifikii sana: mzani hukisia tu kwa kutumia umri, urefu na jinsia ulivyoingiza. Ukiukosea urefu, majibu yote yamepinda.

Upande mzani asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai, kisha linganisha wastani wa wiki na wiki. Siku za kukaribia hedhi mwili hushika maji, usizihesabu. Mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo asiupande kabisa.

SWALI: Je, tepu ya fundi cherehani inatosha? – Huyohuyo

JIBU: Inatosha, na sisi tunaipendelea kuliko huo mzani. Ila ilaze kwanza juu ya rula. Tepu iliyozeeka huvutika, alama zikaachana, nayo husoma pungufu; utashangilia sentimita mbili ambazo bado unazo kiunoni.

Pima juu ya ngozi, si juu ya kanga. Kiuno: pale palipo pembamba zaidi, mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Nyonga: pale makalio yalipotokeza zaidi, miguu pamoja. Shingo: chini kidogo ya koromeo, mabega yametulia. Tepu iguse ngozi bila kuibana, na ikae sawa mbele na nyuma. Kwa kawaida huteleza mgongoni, kwa hiyo tumia kioo. Pima mara mbili, na vipimo vikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia.

Mwaka 1984 jeshi la wanamaji la Marekani lilipata kanuni ya kukadiria asilimia ya mafuta kwa vipimo hivyo. Kwa wanawake, kwa sentimita, ukitumia kitufe cha log kwenye kikokotoo cha simu:

495 ÷ (1.29579 − 0.35004 × log(kiuno + nyonga − shingo) + 0.221 × log(urefu)) − 450

Kiuno 88, nyonga 108, shingo 34 na urefu wako wa 162 vinatoa asilimia 39.8. Kiuno kikipungua sentimita moja tu, jibu linashuka karibu nusu asilimia. Ndiyo maana tunasisitiza sana tepu ikae palepale. (Wanaume wana kanuni yao, na kiuno chao hupimwa usawa wa kitovu.) Jibu lenyewe laweza kukosea kwa asilimia 3 au 4, kwa hiyo usilipeleke kwa shoga yako mkalinganisha. Jilinganishe na wewe wa wiki mbili zilizopita. Ukichoka na hesabu, andika kiuno peke yake: lengo ni kiwe chini ya nusu ya urefu, kwako chini ya 81.

SWALI: Na lile koleo la plastiki la kubana ngozi ili kupima mafuta?

JIBU: Linataka mkono uliozoea: upande wa kulia, kunja ngozi kwa vidole, bana sentimita moja pembeni ya vidole, soma baada ya sekunde mbili. Paja lako mwenyewe utaliweza. Nyuma ya mkono wako hutaliweza bila msaidizi, na awe yuleyule kila mara. Kwa mwenye mwili mkubwa, mkunjo mara nyingi hauingii vizuri kwenye koleo. Pesa hiyo nunulia tepu mpya, na chenji irudi.