Maswali ya Wasomaji: Linux Moja kwa Seva za Marika Tofauti

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia chumba cha seva katika taasisi moja hapa Njiro, Arusha. Seva zetu nyingi tulipewa kama msaada; zina prosesa za Xeon E5-2600 za mwaka 2012, na zote bado zinatumia CentOS 7, mojawapo ya matoleo ya Linux. Hivi karibuni tumeongezewa mbili mpya kabisa. Nilipojaribu kuweka Rocky Linux 10 kwenye mojawapo ya zile za zamani, iligoma hata kuwaka; nilipoweka Rocky Linux 9, programu ya usakinishaji haikuziona diski. Je, seva hizi ndiyo basi tena?
Msimamizi wa seva, Njiro

JIBU: Seva zako bado zina kazi. Kilichofika mwisho ni CentOS 7 yenyewe, ambayo masasisho yake ya usalama yalikoma tarehe 30 Juni 2024, kwa hiyo kuhama hakuepukiki. Matatizo uliyoyaeleza ni mawili na kila moja lina chanzo chake.

La kwanza ni la prosesa. Red Hat, ambako ndiko chimbuko la Rocky Linux na AlmaLinux, hujenga programu zake kwa kulenga kiwango fulani cha chini cha prosesa. Toleo la 9, lililotoka mwaka 2022, linadai kiwango cha pili cha x86-64, familia ya prosesa za Intel na AMD. Toleo la 10, la mwaka 2025, linadai kiwango cha tatu, ambacho ndani yake zimo amri za AVX2, za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja. Katika ukoo wa Xeon E5-2600 amri hizo ziliingia na kizazi cha v3 mwaka 2014. Seva ya mwaka 2012 ina AVX lakini haina AVX2, na hakuna mpangilio wowote wa BIOS utakaoiongezea. Andika lscpu kwenye kila seva na usome orodha ya uwezo wa prosesa: pasipo neno avx2, achana na toleo la 10 la kawaida. AlmaLinux wanatoa pia nakala ya toleo la 10 iliyojengwa kwa kiwango cha pili, lakini programu yoyote ya nje iliyojengwa kwa kiwango cha tatu itakwama palepale, na kwa seva za utafiti, ambazo hupokea programu kutoka kila upande, mimi nisingeichagua.

La pili ni la kadi ya diski. Kuanzia toleo la 8, Red Hat waliondoa kwenye kerneli yao, yaani kiini cha mfumo, utambuzi wa kadi kadhaa za zamani, zikiwemo zenye chipu ya SAS2008, kama vile Dell PERC H200. Andika lspci -nn, amri inayoorodhesha kadi zilizomo. Ukiona namba 1000:0072, mchawi wako ndiye huyo. Kadi yenyewe ni nzima, ila kerneli imeambiwa isiitambue. AlmaLinux walirudisha utambuzi wa kadi hizo kuanzia 9.4, na anayetaka kubaki na Rocky Linux anaweza kupata draiva, yaani programu ya kuendesha kadi hiyo, kwa mradi wa ELRepo na kuipakia wakati wa usakinishaji.

Ushauri wangu, basi, ni AlmaLinux 9 kwenye seva zote, zikiwemo zile mbili mpya, kwa kuwa toleo hilo litapata masasisho ya usalama hadi Mei 2032. Namba ya kerneli yake, 5.14, isikutishe ukadhani kwamba haitazitambua seva mpya, kwani Red Hat huendelea kuingiza draiva za vifaa vipya ndani ya kerneli hiyohiyo. Muhimu ni kutumia nakala ya usakinishaji iliyo ya karibuni zaidi. Usijaribu kupandisha kutoka 7 hadi 9 juu kwa juu, kwa sababu utalazimika kupitia 8, ambako kadi yako huenda isitambuliwe. Hamisha data, usakinishe upya kwa faili moja la kickstart, lenye majibu ya maswali yote ya usakinishaji, na vifurushi uvipakue mara moja tu kwenye seva moja ili nyingine zivichukue kwa mtandao wa ndani. Bando la taasisi litakushukuru.

SWALI: Ninaendesha programu ya kukadiria mvua kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Niliijenga kwenye seva yetu mpya ikafanya kazi vizuri, lakini kwenye zile za zamani inakufa mara tu inapoanza, kwa ujumbe kwamba amri haitambuliki. Mwenzangu aliijenga upya kwenye seva ya zamani, ikakubali, ila tarakimu za mwisho za majibu yake hazilingani na zangu. Nani yuko sahihi?
Mtafiti, Moshi

JIBU: Wote wawili. Bila shaka uliijenga kwa -march=native, yaani ulimwagiza kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa) atumie kila amri ambayo prosesa ya seva mpya inaijua. Prosesa ya zamani ikikutana na amri isiyoijua, mfumo huiua programu papo hapo. Ama kuhusu tarakimu, prosesa mpya zina amri ya FMA, ambayo huzidisha na kujumlisha kwa pamoja na kukadiria desimali mara moja tu, ilhali ya zamani hukadiria baada ya kuzidisha na tena baada ya kujumlisha. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa hesabu moja, lakini katika kielelezo cha hali ya hewa kinachorudia hesabu mamilioni ya mara, hukua hadi ikaonekana.

Kama kazi moja lazima ienee kwenye seva zote, ijenge kwa -march=sandybridge, jina la kizazi cha prosesa zenu za zamani. Hata hivyo, kazi ya MPI (njia ya kugawanya hesabu moja kwa seva nyingi) iliyogawanywa sawasawa huenda kwa mwendo wa seva iliyo nyuma kuliko zote, na seva mpya zitashinda zikisubiri. Ni afadhali kuwa na nakala mbili za programu, na msimamizi wenu aziwekee seva alama kwenye Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi, ili uweze kuomba kwa --constraint kundi unalolitaka. Majibu yatakayolinganishwa katika andiko moja yote yatoke kwenye kundi moja.

SWALI: Je, nikitumia kontena (kifurushi cha programu pamoja na maktaba zake) la Apptainer lenye toleo la 10 la Linux hizo, nitaikwepa shida ya prosesa za zamani?
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Hapana. Kontena hubeba maktaba na programu zake, lakini amri hutekelezwa na prosesa ileile na kerneli ileile ya seva. Tumia kontena la toleo la 9.