Kula vijijini Ireland: jua siku na saa, la sivyo utashindia krispi

Mkuu, nimeusoma uzi wako jana usiku nikacheka peke yangu. Unasema mwezi wa saba unakwenda West Cork, yaani upande wa magharibi wa Cork, kusini mwa Ireland, na shemeji, mnashuka mjini Cork Alhamisi mchana, mnaondoka Jumanne asubuhi, gari mmeshakodi, shemeji hali nguruwe, na unaomba "majina ya mikahawa mizuri ya kijijini". Majina nitakupa machache. Ila mimi nimekaa huko miaka minne, nikihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee upande wa mji mdogo wa Skibbereen, na kilichonitesa hakikuwa majina. Kilichonitesa ni saa.

Siku yangu ya kwanza ya mapumziko ilikuwa Jumanne. Nikatoka kutafuta chakula saa tisa na nusu alasiri, kile kimvua chao chembamba kinanipiga usoni. Baa ya kwanza ilikuwa na ubao nje ulioandikwa kwa chaki kwamba kuna supu ya samaki na mkate. Jiko limefungwa tangu saa nane na nusu. Baa ya pili haipiki, wala haijawahi kupika tangu ianzishwe. Mkahawa uliobaki ulikuwa na kibao mlangoni: Jumatatu na Jumanne hatufungui. Nikarudi baa ya kwanza, nikanunua pakiti mbili za krispi na chai, nikazila pole pole huku babu mmoja pembeni ananitazama kama anayetazama mfiwa.

Hilo halikunitosha. Wiki mbili baadaye mama mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi akanialika kwake Jumapili, "njoo kwa dina". Mimi dina niliyofundishwa shuleni ni chakula cha usiku. Nimetokea saa moja jioni, shati limepigwa pasi, na boksi la biskuti mkononi. Kumbe kwa watu wa mashambani kule dina ni saa saba mchana, na kinacholiwa jioni wao wanakiita "chai", hata kama kina nyama na mayai. Sahani yangu ilikuwa imewekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, imefunikiwa sahani nyingine, tangu mchana. Hakuninunia. Alinipashia, akakaa mbele yangu na kikombe chake mpaka nikamaliza. Nyama ya kondoo, kabichi, na viazi vya aina mbili kwenye sahani moja.

Kwa hiyo la kwanza, mkuu: mlo mkubwa uwe wa mchana, kati ya saa sita na nusu na saa nane. Hapo ndipo majiko yanawaka. Jumapili ingieni hoteli yoyote ya mji mdogo yenye kile wanachokiita kaveri. Mnapanga foleni na trei, mpishi wa kofia nyeupe anakata nyama mbele yenu, anauliza viazi gani, na kabla hujajibu ameshakuwekea vya kuponda, vya kuoka, na pengine chipsi juu yake. Usishangae. Nimeona mtu anaagiza lasanya inakuja na chipsi, na hakuna aliyeona ajabu. Shemeji awahi kusema neno moja tu kabla kisu hakijashuka: bata mzinga kule huwa anatolewa pamoja na nyama ya nguruwe, vipande vimelaliana, na mpishi hawezi kujua kama hujamwambia.

Tukiwa kwenye nguruwe, tumalize kabisa. Kifungua kinywa cha nyumba za kulala wageni kitakuja na vitu viwili vinavyoitwa pudding. Sisi tukisikia pudding tunawaza kitu kitamu cha sikukuu. Ile nyeusi ni damu, oti na vitunguu, inakatwa duara na kukaangwa. Wakenya humu watakwambia ni binamu wa mutura, ile soseji yao ya utumbo na damu. Ile nyeupe haina damu, ni nguruwe. Mji wa Clonakilty, mtakaoupita njiani, umejulikana kwa hiyo nyeusi tangu miaka ya 1880, na wenyeji wataisifia mpaka mwone aibu kukataa. Kataeni tu, hawana kinyongo. Usiku wa kuamkia mwambieni mwenye nyumba kwamba mnataka mayai, uyoga, nyanya na mkate.

Nyama ya halali vijijini huko msiitegemee. Alhamisi mkishuka, kabla ya kushika barabara, pitieni duka la halali hapo Cork mjini mfungashe kwenye kisanduku cha barafu kama nyumba mliyopanga ina jiko. (Ajabu yake ni kwamba Ireland ina mji mdogo uliojengeka juu ya machinjio ya halali: Ballyhaunis, kule Mayo, ambako mfanyabiashara Mpakistani, Sher Rafique, alifungua kiwanda cha nyama miaka ya 1970, na msikiti ukajengwa hapo hapo miaka ya 1980. Lakini Mayo ni mbali, usidanganyike na ramani.)

Jibu la shemeji ni samaki. Na hapa ndipo ninapowalaumu Waairishi kidogo, maana nchi imezungukwa na bahari halafu mtu wa kijijini anakula samaki kama anayetimiza adhabu. Samaki mabichi wanauzwa kwenye gari linalokuja kuegesha katikati ya mji siku moja ya wiki, upande wa nyuma umefunguliwa, barafu inachuruzika lami. Castletownbere ni bandari kubwa ya uvuvi, Union Hall ni ndogo lakini nzuri kwa macho. Ukipita barabara ya ghuba ya Bantry utaona mistari ya mapipa yanaelea majini. Chini yake zimening'inizwa kamba, na kwenye kamba wameng'ang'ania kome. Agizeni hao kome popote pale. Kama mnataka samaki wa moshi, kule Castletownshend yupo mama mmoja maarufu, Sally Barnes, asiyekausha kabisa samaki wa kufugwa. Kwake ni wa kuvuliwa tu.

Mwezi wa saba pia ndio wakati wa samaki wa jamii ya vibua vyetu, mgongo wenye milia ya kijani. Watoto wanawavua gatini kwa kamba yenye ndoano sita, wanapanda sita. Hakuna anayejua la kufanya na samaki wengi namna hiyo, basi wanagawa. Nimewahi kurudi zamu ya usiku nikakuta mfuko wa plastiki umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wangu, ndani vibua wanane, hakuna barua wala jina. Niliwaosha kwa limau, nikawakaanga, nikawatia kwenye tui la kopo. Mpaka leo sijamjua aliyewaleta. Nilimshuku jirani wa kushoto, nikampelekea bakuli la mchuzi. Akashukuru sana lakini sura yake ilionyesha haelewi sababu.

Sasa masoko, maana umebahatika na siku zako. Ijumaa ni Bantry, kwenye uwanja mkubwa mbele ya maji. Ijumaa ya kwanza ya mwezi ndiyo inayofurika, ni mnada hasa: kuku hai, buti za mvua, misumeno mitumba, na katikati yake mtu anauza zeituni. Jumamosi asubuhi ni Skibbereen. Ikifika saa saba mchana wanaanza kufungasha, msije mkalala. Jumapili, kwa msimu wa kiangazi, kuna kadogo Schull. Jumatatu hakuna kitu. Jumatatu fikieni mlichohifadhi Jumamosi, au sheli. Nasema kweli: kwenye kituo cha mafuta kuna kaunta ya chakula cha moto, wanakupasulia mkate mrefu, wanaweka kuku wa kukaanga, saladi na mayonizi, na nusu ya mafundi ujenzi wa nchi ile wanaishi kwa huo mkate. Kuku si wa halali, lakini mayai na jibini vipo.

Mkifika sokoni anzieni kwenye jibini. Najua, sisi wa pwani jibini si mila yetu, na mimi mwenyewe mara ya kwanza nilidhani imeoza. Inanuka soksi. Lakini ndiyo inayoeleza kwa nini eneo lile la pembezoni, lenye mawe na upepo, limepata jina kwa chakula. Miaka ya 1970, kule Eyeries kwenye rasi ya Beara, Veronica Steele na mumewe Norman walikuwa na ng'ombe mmoja wa pembe moja aitwaye Brisket. Maziwa yakawazidi, akaanza kuyagandisha jikoni. Ikatoka Milleens: jibini laini ambayo ngozi yake huoshwa kwa maji ya chumvi mpaka ikageuka rangi ya chungwa, na ile hewa ya bahari yenye unyevu inafanya kazi iliyobaki. Wenzake wakafuata. Mwaka 1979 Jeffa Gill akaanza Durrus, na mwaka huo huo Giana na Tom Ferguson wakaanza Gubbeen karibu na Schull. Tazama hesabu yake: lita ya maziwa ikichukuliwa na lori la kiwanda, mkulima mwenye shamba dogo anabaki na senti. Ikigeuka jibini yenye jina la shamba lake, bei anaipanga yeye. Wengi walioligundua hilo walikuwa wanawake, jikoni kwao.

Gubbeen wanafuga na nguruwe, wanawanywesha maji yanayobaki baada ya jibini kuganda, halafu nyama yao inakaushwa kwa moshi pale pale shambani. Kwa hiyo mezani kwao jibini na soseji vinakaa jirani. Shemeji aombe kisu safi, na kama anajali kilichotumika kugandisha maziwa, maana kingine hutoka tumboni mwa ndama, aulize. Kwenye masoko haya mara nyingi anayekuuzia ni mtengenezaji au mtu wa nyumbani kwake, na watakujibu mpaka uchoke.

Siagi nunueni yoyote. Ni ya njano kweli kweli, maana ng'ombe wale wanakula majani mabichi sehemu kubwa ya mwaka. Mji wa Cork ulitajirika kwa siagi. Lile soko lake lililoanza 1770 lilikuwa likipeleka mapipa hadi Karibi.

Kisha yale masanduku ya barabarani. Njia nyembamba, nyasi zimeota katikati, mara unaona kabati la mbao getini. Ndani mayai yenye manyoya bado yamegandia, viazi vipya vyenye udongo, chupa mbili za jamu, na kopo la biskuti lenye tundu la kutumbukiza hela. Muuzaji hayupo. Bei imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi. Mimi mtu wa Tanga, mara ya kwanza niligeuka nyuma kuangalia nani ananitega. Nilikuwa na noti ya yuro 5 na mayai ni yuro 3; chenji hakuna wa kukupa, basi nikachukua na mchicha wa kizungu kufidia. Tembeeni na sarafu.

Vile viazi vipya mvichemshe na maganda, siagi na chumvi, basi. Vikipasuka na kuwa unga unga wenyeji wanafurahi kama sisi tukiona wali umechambuka. Wanavizungumzia kwa aina na kwa mwezi, na mzaha nao una mpaka. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia hakukubali ganda libaki na nyama yake kwenye sahani. Nilimwelewa siku nilipopelekwa Abbeystrewry, nje kidogo ya Skibbereen: kati ya watu 8,000 na 10,000 wa ile njaa kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza mashambani, wamezikwa pale, na juu yao ni uwanja wa majani tu. Piteni hapo kabla ya kwenda kula, si baada.

Umeuliza pia mkahawa wa hadhi, wa kumvalisha shemeji gauni. Kijiji cha Baltimore kina Dede, mkahawa wa mpishi Mturuki Ahmet Dede, anayepika samaki na kondoo wa pale pale kwa viungo vya kwao. Mwaka 2023 ulipata nyota ya pili ya Michelin, kile kitabu kinachopima mikahawa bora. Sijala, mshahara wa mlezi haukuniruhusu. Ballymaloe iko mashariki ya Cork, siyo njia yenu, ila ndiyo mama wa haya yote: Myrtle Allen alifungua chumba cha kulia katika nyumba ya shamba lao mwaka 1964, na chakula cha siku kikawa kile kilicholetwa siku hiyo. Kwa kote kuwili weka nafasi sasa hivi, usingoje viza itoke.

Chai hamtaikosa. Makampuni yao yanachanganya majani ya Kenya na Rwanda, na wanaipika nzito. Iliki bebeni wenyewe.

Nikuombe kitu kimoja. Yule mama wa dina alinifundisha mkate wao wa kahawia: unga wa ngano wenye chembe kubwa, magadi soda, chumvi, mtindi, bila hamira, bila kukanda, unachora msalaba kwa kisu, unaoka, ukigonga chini ukilia kama ngoma umeiva. Huku Leicester nilipohamia nimejaribu unga wa maduka manne, haulii. Mkirudi kupitia Uingereza kama ulivyoandika, niwekee kwenye sanduku mfuko mmoja wa kilo mbili, ule wenye chembe kubwa. Nitakulipa kwa vitumbua.