Muulize Shangazi: Mjomba amepanga siku saba, mimi naomba moja ya kupumzika

*Shangazi, shikamoo. Kaka yangu yuko Chiba, Japani, mwaka wa nne huu, anafanya kazi kwenye yadi ya magari. Ametualika likizo ya mwezi wa tano: mimi, wanangu watatu (miaka 11, 7 na 3) na mama yetu, ambaye magoti yanamsumbua. Ametutumia ratiba. Kila siku ina sehemu nne au tano, Shibuya, Disneyland, minara, mpaka nimechoka kuisoma kabla sijapanda ndege. Nimemwomba siku moja tu tukae mahali patulivu, watoto wacheze, mama akae chini, tuone watu wa kawaida wa huko wanaishije. Anasema huko pembeni hakuna kitu. Ni kweli?*
— Mama Watatu, Walukuba, Jinja

Marahaba, mwanangu. (Kuna wanaoniandikia "Ssenga", yaani shangazi wa Kiganda anayewafunda mabinti. Sikatai, ila Ssenga ana kazi yake, na hulipwa vizuri kuliko mimi.)

Mwambie kaka yako kwamba hicho "hakuna kitu" ndicho unachokitafuta, na kiko karibu naye kuliko hiyo Shibuya. Panaitwa Shibamata. Ni mtaa wa wilaya ya Katsushika, mashariki kabisa mwa Tokyo. Ukivuka mto tu, umeshaingia Chiba.

Nami nilipafikia kwa kuchoka. Mwaka 2009 nilikwenda Japani kutafuta spea za duka langu la Kampala, nikaona maghala na chumba cha hoteli, basi. Niliporudi 2023 na wajukuu wawili, nikafanya yale yale anayoyafanya kaka yako. Siku ya tatu mjukuu wa kiume alilala amesimama ndani ya treni, kichwa kimeegemea begi la mzee asiyemjua. Yule mzee hakujisogeza hata kidogo, akabaki vile vile mpaka tukashuka. Usiku nikaichana karatasi ya ratiba. Mama aliyetupangisha chumba akaniwekea kidole kwenye ramani: nendeni hapa, mle dango, mpande mtumbwi.

Kwanza habari ya saa. Japani wametutangulia saa sita. Saa moja asubuhi ya Jinja kwao ni saa saba mchana, kwa hiyo wanao watakesha kama popo na asubuhi hawataamka. Usigombane nao. Toka saa nne, hata saa tano. Ila usichelewe kupita hapo, maana mtumbwi na maduka ya pale hayangoji jioni. Tena msifike kabla ya tarehe 7 Mei. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi tarehe 5, miaka mingine 6, wao wana sikukuu mfululizo, nchi nzima iko safarini.

Njia ni reli ya Keisei, ile ile inayotoka uwanja wa ndege wa Narita. Mnashuka Keisei-Takasago. Treni ya kifahari iitwayo Skyliner haisimami hapo, kwa hiyo pandeni ile ya kawaida. Ndani ya stesheni hiyo kuna lango jingine, mnagusa kadi ya nauli tena na kupanda kijitreni cha kwenda Kanamachi. Kituo kimoja tu, mmefika. Njia yote ya kijitreni hicho ina stesheni tatu! Mwaka 1899 ilipoanza, haikuwa na injini wala umeme. Vibehewa vyake vilisukumwa na watu, na abiria wengi walikuwa wanakwenda kuhiji kwenye hekalu la pale. Niliwahadithia wajukuu tukiwa ndani, wakatazamana na kucheka, kisha mkubwa akauliza kama msukumaji naye alilipa nauli. Wa miaka 3 atasafiri bure, wa 7 na wa 11 nusu nauli.

Nje ya stesheni mtaona sanamu ya mchuuzi na begi lake. Ni mhusika wa filamu za zamani ambazo Wajapani wanazipenda sana, na mtaa huu ndio nyumbani kwake humo. Wazee wa Kijapani hupiga naye picha huku machozi yamewalenga. Sisi tulimsalimia tukapita.

Kutoka hapo hadi hekaluni ni njia fupi ya miguu, mama yako ataimudu kwa kupumzika mara mbili. Pande zote ni maduka ya mbao yenye mapazia mafupi mlangoni, na kila la pili linauza kusa dango. Nitakueleza hizi dango vizuri, kwa sababu ndizo zilizotuchukua saa nzima. Ni vidonge vya unga wa mchele vilivyopondwa pamoja na majani ya yomogi, vinakuwa kijani kama mboga ya dodo iliyoiva. Ukikivuta kinanyumbuka kama kalo iliyozidishiwa muhogo. Juu wanamwaga maharage mekundu yaliyopondwa. Wajukuu wangu, watoto wa posho na maharage ya shule, walipoyaona walifurahi: "Bibi, maharage!" Mdogo akajaza kijiko. Akaganda. Akanigeukia kwa sura ya mtu aliyeibiwa. "Wametia *sukari*."

Kwa dakika kumi hakuna aliyegusa sahani. Mwenye duka, mama wa makamo, aliona, akaleta chai ya moto bila kuombwa, chungu, ya kijani. Ukinywa ile chai halafu ukala yale maharage unaelewa kwa nini yametiwa sukari. Mkubwa alimaliza zake na za mdogo wake. Angalizo moja tu, na hili ulishike: zile dango zinanata kooni. Za huyo wa miaka 3 zikate vipande vidogo vidogo, na asikimbie nazo mdomoni. Hata mama mwambie atafune taratibu.

Hekalu lenyewe ni Taishakuten, la Wabudha, lilianzishwa 1629. Kama nyinyi ni Waislamu kama mimi, hakuna anayekulazimisha kuinama. Unavua viatu, unatazama, unatoka. Cha kutazama ni kuta za nje za jengo la nyuma: mbao kumi kubwa zilizochongwa hadithi za kitabu chao, watu, mawingu, ndege, vidole vya mkono mmoja mmoja. Kazi ilianza 1922, tetemeko kubwa la 1923 likateketeza mbao zilizokuwa zimekusanywa, wakatafuta nyingine na kumaliza 1934. Kuona hapo kuna kiingilio kidogo, na kinakuingiza pia kwenye bustani yenye ukumbi wa mbao kuizunguka. Mama yako aketi kwenye ukumbi huo. Mimi niliketi, nikatazama samaki kwenye kidimbwi, na magoti yangu yakanisamehe mambo ya Shibuya.

Nyuma ya hekalu kuna vichochoro vya watu kuishi, na hapo ndipo penye jibu la swali lako. Nyumba ndogo zimebanana, kila moja na vyungu vya maua mlangoni, magari madogo yenye namba ya njano yameingizwa kwenye nafasi ambayo fundi wa Kampala angesema haiwezekani. Akina mama wanapita na baiskeli, mtoto mmoja kwenye kiti cha mbele na mwingine nyuma, kofia ngumu vichwani, kama boda aliyepata adabu. Wa darasa la kwanza wanatoka shule kwa miguu, wenyewe, bila mtu mzima. Hakuna honi. Mjukuu wangu alianza kunong'ona bila kuambiwa.

Halafu mnapanda tuta la majani, na mto Edo huu hapa mbele yenu. Watoto waachie hapo. Uwanja ni mpana, watu wanacheza mpira, wazee wanatembeza mbwa. Kuna kivuko kinaitwa Yagiri no Watashi, mtumbwi wa mbao unaopigwa kasia na mtu mmoja, kati ya Tokyo na mji wa Matsudo. Ni wa tangu miaka ya 1600, ulipowekwa kwa ajili ya wakulima wenye mashamba ng'ambo zote mbili. Nililipa yeni 200, kama shilingi 5,000 hivi kwa bei ya fedha ya siku hizo. Mtu wa Walukuba, ambaye gati la Masese liko mlangoni kwake, atasema mtumbwi si ajabu. Nami nilisema hivyo. Lakini huu haupeleki sukari guru wala haurudi na dagaa. Unakwenda ng'ambo taratibu, maji yanagonga ubao, halafu basi. Mkifika kuna mashamba ya vitunguu vya majani marefu meupe chini, Yagiri wanavisifu kwa hivyo. Mnatembea kidogo, mnarudi. Upepo ukiwa mkali au mvua ikinyesha hauendi, kwa hiyo asubuhi kaka yako atazame hali ya hewa. Sisi mara ya kwanza tulikuta umefungwa kamba, mdogo akalia mpaka dango zikasahaulika, ikabidi turudi siku ya pili. Wala sikujuta.

Kaeni tutani mpaka jioni. Kuna kitu sikutegemea. Kama saa kumi na moja hivi, vipaza sauti vya mtaani vikaanza kupiga muziki wa taratibu, wimbo wa watoto, ukasambaa mto mzima. Kwa kufumba na kufumbua nilidhani ni adhana, nikajikuta natengeneza mtandio. Kumbe ni vipaza sauti vya kutangazia maafa, tetemeko na mafuriko. Kila siku hupigwa wimbo ili vijulikane vinafanya kazi, na watoto nao wanajua muda wa kurudi nyumbani umefika. Wale waliokuwa wanacheza mpira waliokota mabegi yao wakaondoka, hakuna mama aliyeita. Wajukuu wangu nao wakasimama, wakajikung'uta majani. Nikawafuata.

Beba sarafu, vijiduka vingine havitaki kadi. Beba na kaveera yako ya taka, mapipa ya barabarani ni adimu, mtarudi na maganda yenu hadi kwa kaka. Mashine za vinywaji zipo kila kona. Maandishi mekundu chini ya chupa ni cha moto, ya bluu ni baridi, na mtoto wako wa miaka 11 atalijua hilo kabla yako. Huyo kaka mwambie aje bila ratiba.

*Asalaam aleikum Shangazi. Nasikia Japani pombe inatiwa hata kwenye chakula. Mtu akienda siku nzima huko mitaani atakula nini?*
— Mwanafunzi, Bombo

Waleikum salaam. Umesikia sawa. Mchuzi wao mwingi una mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele ya kupikia, nao hawaihesabu kuwa pombe. Hata mikunga ya kuchoma, ambayo Shibamata inasifika kwayo, hupakwa mchuzi huo. Mimi mchana nilibeba chapati na mayai ya kuchemsha kutoka chumbani, nikaongeza dango, matunda, na *onigiri* ya chumvi tupu, yaani donge la wali lililofungwa kwa mwani. Chakula cha kupikwa nilikula jioni kwa Wapakistani. Ukitaka msikiti mkubwa wa Tokyo uko Yoyogi-Uehara, umejengwa kwa mtindo wa Kituruki na ulifunguliwa mwaka 2000, lakini ni upande mwingine kabisa wa jiji, usijaribu kuunganisha na Shibamata siku moja. Niliswali adhuhuri kwenye majani ya tutani, nimetandika mtandio. Mbwa mmoja alikuja kuniangalia, mwenyewe akamvuta, akainamisha kichwa kuniomba radhi.

*Shangazi, wewe umefika huko, nisaidie. Nimenunua Noah, na kila nikiwasha kuna mwanamke anaongea Kijapani. Fundi hajui anasema nini. Mke wangu ameanza kumwonea wivu.*
— Baba Aisha, Arua

Mwambie mke wako atulie. Huyo mama anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara zao kuu bila kusimama getini, na kifaa chake hufungwa kwenye dashibodi au karibu na kioo. Sisi tunalipia barabara ya Entebbe Expressway tangu Januari 2022, lakini kadi hiyo ya Kijapani hapa haina pa kufanya kazi, hivyo ataidai mpaka mwisho wa gari. Fundi wa umeme anaweza kuchomoa waya wa kifaa hicho, gari halidhuriki.

Mimi wa kwangu sijamchomoa. Siku ile ya Shibamata, treni ilipokaribia Takasago, sauti ya mwanamke ikatangaza kituo, na mjukuu wangu mdogo akaruka kitini. "Bibi! Yule mama wa kwenye gari letu!" Behewa zima likageuka.