Acha msumeno kwanza: kwa mafundi wapya wa Mji Mkongwe

Mdogo wangu, ukipewa roshani yako ya kwanza uitengeneze, usianze kukata. Subiri mvua. Panda juu uone mlizamu gani umeziba na maji yanashukia ukuta upi. Ubao haukuoza wenyewe.

Mimi hilo sikuambiwa. Kazi yangu ya kwanza Unguja nilibadilisha boriti tatu za ghorofani. Nilitia mpya za mikoko, zimenyooka, kisha nikaziba matundu ya ukuta kwa saruji ili zikae imara. Mwenye nyumba alifurahi kweli. Miaka mitatu haijatimia, naitwa tena. Kwa macho boriti zilikuwa nzima. Nikachoma bisibisi pale zinapoingia ukutani: ikazama mpaka mpini, ikatoka na unga mweusi uliolowa.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Zinanyonya maji na kuyatoa polepole, kama mtungi. Ukizipiga saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanahamia kwenye mti. Basi kichwa cha boriti kilaze kwenye chokaa, tena chokaa iliyolala shimoni wiki kadhaa, si ya kuzimwa kwa maji jana. Haikauki haraka, na tajiri atakuuliza mbona kazi haiishi. Mwache aulize.

Urefu wa boriti usiubadilishe ovyo. Vyumba vya zamani vilipimwa kwa mkoko, ndiyo maana upana wake hauendi mbali na mita 3. Na usitoe hata boriti moja kabla ya kuegemeza dari kwa nguzo. Beit al-Ajaib, jumba la hapa Mji Mkongwe la mwaka 1883, iliporomoka sehemu Desemba 25, 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu walikufa.

Mlango wa nakshi ni shughuli nyingine. Mfaa, ule mti wa wima wa katikati ya mlango, ukiwa umeliwa chini, kata palipooza tu, unga kipande cha mti wa aina ile ile, na kipande chako kiache bila nakshi kama huna mkono wa kuchonga. Wakikwambia mlango mzima ung'olewe upelekwe karakana, kataa. Mmoja niliuona ukitoka hivyo; leo pana geti la chuma.

Kibali ni cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Picha piga kabla hujagusa kitu, hasa za ndani ya matundu ya boriti, maana hapo ndipo watakapobishana na wewe.