Usifumue yote: nilivyomaliza skafu yangu ya kwanza

Mei mwaka jana, baridi ya Njombe ilipoanza kung'ata, nilinunua uzi sokoni nikaanza kumfumia mwanangu sweta. Mgongo haukufika hata nusu. Niliutia kwenye mfuko nikautundika nyuma ya mlango, na Juni na Julai zikapita mtoto akivaa sweta la mtumba. Nilichokuja kumaliza ni skafu. Kama ndiyo kwanza unashika sindano, nakusihi uanze na kitu cha namna hiyo, kilichonyooka, kisicho na mikono wala shingo.

Mimi nilianza na vitanzi 30, sindano za milimita 5 na uzi mnene wa rangi ya maziwa. Uzi mweusi uache kwanza, kwa sababu jioni hutaona kitanzi kimepita wapi. Fuma kila mstari kwa mtindo uleule mmoja. Pande zote mbili zitatoka matuta madogo kama shamba la viazi, na kingo hazitajikunja. Kila tuta ni mistari miwili, kwa hiyo hata ukiacha kazi uende kugeuza maharage, ukirudi unahesabu matuta tu.

Shida yangu ilikuwa kingo. Vitanzi 30 vilikuwa vimefika 37 na skafu inapanuka kama sketi. Nilimpelekea bibi jirani yangu, nikamwamkia, akaishika kipande kile muda mrefu kabla ya kusema neno. Kumbe kila nilipogeuza sindano nilikuwa navuta uzi kupitia juu kwenda nyuma. Ukifanya hivyo kitanzi cha kwanza kinanyanyuka na kuonekana viwili, nawe unavifuma vyote. Uzi upite chini ya sindano.

Nikataka kufumua yote. Bibi akanishika mkono: "Mjukuu wangu, fumua mpaka palipo pazima, basi." Tukarudi hadi tuta la 12, vilipokuwa 30 kamili. Hapo akachukua uzi mwekundu na sindano butu, akaupitisha ndani ya vitanzi vyote, akauacha humo. Ukikosea mbele, unafumua bila hofu kwa sababu kazi itagota kwenye ule uzi. Tangu siku hiyo naupitisha kila baada ya matuta 10, na kwa kweli ndio ulionifikisha mwisho.

Si kila kosa la kufumua, lakini. Kitanzi kilichopinda kiache. Kilichodondoka kidake hapo hapo, maana kinashuka mstari baada ya mstari.

Kufunga ni rahisi: fuma viwili, cha kwanza ukivushe juu ya cha pili, kisha fuma kimoja kingine na kuvusha tena, endelea hivyo mpaka kibaki kimoja. Usikaze, ukingo utavutika. Kata uzi ukibakiza shibiri moja, upitishe kwenye kitanzi cha mwisho, kisha ncha zote uzifiche ndani ya matuta kwa sindano butu, kwenda na kurudi. Fua kwa maji baridi, uanike kwa kuilaza kwenye mkeka. Kama uzi ni wa akriliki, pasi ya moto isiuguse.

Jana niliutoa ule mgongo wa sweta nyuma ya mlango. Nimevihesabu vitanzi vyake, ni 71, na vilitakiwa 64. Leo jioni nafumua hadi palipo na 64.