Barua kwa Mwanangu: Siku ya Maji ya Bamvua

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mama yako amefurahi kusikia kwamba wakwe zako wanakuja Mombasa kwa mara ya kwanza. Umeniuliza uanze kuwatembeza wapi, Ngome ya Yesu au baharini, na kama siku moja itatosha kwa yote mawili. Nimelifikiria swali lako, lakini kila nikishika kalamu najikuta nataka kukuuliza jambo jingine: ni nani kati yenu atakayeamua saa ya kuondoka mahali? Matembezi na wageni huongozwa na yule aendaye polepole kuliko wote. Najua umelisikia neno hilo kwangu hadi ukalichoka, lakini sijapata sababu ya kuliacha.

Wewe ulikuwa chuoni shangazi yako alipotutembelea na mumewe na wajukuu zao. Kaka yako ndiye aliyepanga ratiba, na siwezi kumnyima haki yake, ilikuwa ratiba nzuri: ufukwe wa Bamburi asubuhi kwa muda mfupi, kisha Ngome, kisha Mji wa Kale. Tulifika ufukweni yapata saa nne. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, na wewe mtoto wa pwani unajua kwamba siku za bamvua, yaani za maji makubwa, kwetu bahari hupwa mnamo saa nne na kujaa mnamo saa kumi. Basi shangazi yako, aliyeitamani bahari tangu utoto wake, akakuta mchanga mtupu, mwani, na ngalawa zimelala ubavu, na maji yenyewe yako mbali kule kwenye miamba. Akanigeukia akasema, "Kaka, wameyapeleka wapi?"

Nikamweleza kadiri nijuavyo, kwamba mwezi ndio unaoyavuta, na kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua nalo huvuta katika mstari uleule, ndipo maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Nikaongeza kwamba kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa kuwa mwezi nao husogea na dunia hulazimika kuzunguka kidogo zaidi ili kuufikia. Alinisikiliza kwa adabu, bila kuonyesha kwamba ameniamini. Kisha akaokota kijiti, akatembea hadi ukingoni mwa maji, akakichomeka mchangani na kusema kwamba haondoki mpaka akione kimezama.

Hapo ndipo kaka yako alipotazama saa na kusema, "Shangazi, maji ni maji. Hata Ngomeni tutayaona." Naye akamjibu, "Kwetu mto ukienda haurudi, mwanangu. Acha nishuhudie."

Maneno yale ya kaka yako bado yananichoma. Hayakuwa na ukali, ila yalisemwa mbele ya shemeji yangu, na mgeni akishaambiwa kwamba anachokitazama si kitu, hukosa pa kuweka macho. Lakini shangazi yako hakutikisika. Kijiti cha kwanza kilipozama, alirudi hatua chache akachomeka kingine, kisha kingine, huku akirudishwa nyuma kuelekea ufukweni na maji ambayo hayakuja kwa mbele peke yake. Yalipenya kwanza katika vijito vidogo nyuma ya miguu yetu, hata tukajikuta tumesimama juu ya kisiwa cha mchanga na mama yako anatupigia kelele tutoke. Sijapata kumwona dada yangu akicheka vile tangu tulipokuwa watoto.

Kaka yako alikwisha kuwachukua wajukuu akaenda nao Ngomeni. Nikiwa mkweli, watoto walirudi wamefurahi, wanasimulia mizinga na kuta nene, na hapo msimamo wangu hutetereka kidogo, kwa maana kama sote tungemfuata aendaye polepole, wao wangekaa siku nzima wakitazama vijiti. Hata hivyo, Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593; ingeshindwaje kungoja hadi kesho yake? Tena yule mdogo kuliko wote, alipoambiwa kwamba vijiti vyote vimezama naye hayupo, alilia hadi tukafika nyumbani. Sasa nani alifaidi siku ile? Nimebishana na nafsi yangu juu ya hilo mara nyingi, na mama yako husema niache.

Basi kuhusu wakwe zako, tazama mwezi kwanza. Wakija siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haitawaonyesha tofauti kubwa, kwa hiyo anza na Ngome. Wakija siku za bamvua, wafikishe baharini kabla ya saa nne, na usiwaahidi kitu kingine chochote kwa siku hiyo. Mama mkwe wako ana goti linalomsumbua, na ukishajua hilo, unajua nani anaongoza.

Umedokeza pia kwamba unataka kumwomba kaka yako akusaidie kuwatembeza. Simhukumu kwa yaliyopita, ingawa ulimi unaniwasha. Ana gari kubwa, ana moyo mwema, na wageni humpenda. Mwombe. Ila funguo za gari ukae nazo wewe.

Wako akupendaye,
Baba