Nyangumi walipungua, mbona krili hawakuongezeka?

Umeuliza kwa nini krili, viumbe wadogo kama uduvi wanaoliwa na nyangumi, hawakufurika baharini baada ya nyangumi kuvuliwa kwa wingi karne ya 20. Maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi yako kwenye kinyesi. Maji mengi ya Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, yana upungufu wa madini ya chuma, na bila chuma mimea midogo inayoelea, chakula kikuu cha krili, haistawi vizuri. Nyangumi hula krili kisha huachia kinyesi chenye chuma tele karibu na uso wa maji, penye mwanga. Yaani anarutubisha malisho ya mawindo yake mwenyewe! Ukimwondoa, mzunguko unadhoofika. Pengwini na sili nao wanamtegemea krili, kiumbe wa sentimita 6 tu, kwa hiyo uvuvi wa krili uwekewe mipaka mikali, hasa kandokando ya Rasi ya Antaktika.